Wiki Mbili Bila Kuhesabu

Makundi ya WhatsApp ya kupunguza uzito yameongezeka sana miaka hii, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, hata kwa jamaa zetu walioko Muscat na London. Utaratibu wake karibu ni mmoja: asubuhi unatuma uzito, mchana unatuma picha ya sahani, usiku unatuma jumla ya kalori ulizokula. Anayekaa kimya siku tatu huulizwa kwa upole kama kuna tatizo. Anayekaa kimya wiki mbili huchukuliwa kuwa ameanguka. Mjadala unaojirudia humo ndio ulionirudisha kwenye miaka yangu mwenyewe ya kuhesabu: je, mtu aliye katikati ya kupungua anaweza kuacha kuhesabu kwa muda, kwa makusudi, asionekane ameshindwa? Nilihesabu kwa muda mrefu, nikasimama kwa kupanga, nikaanza tena, nikasimama tena, na kila awamu ilinipa funzo lake. Maisha ya mtu mmoja ni ushahidi mwembamba, kwa hiyo nitayafuata kwa mpangilio wake tu. Nguvu ya hoja nitaitafuta kwa waliopima watu wengi. Ninachoshikilia ni hiki: mapumziko yaliyopangwa ni sehemu ya kazi ya kupungua, na asiyepumzika hata mara moja anajifunza kupungua bila kujifunza kubaki alipofika.

Awamu ya kwanza ni ya kuelimika, wala sitaki kuidharau. Asiyewahi kuhesabu hajui mafuta ni kitu gani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zinazokaribia 120, sawa na machungwa mawili ya wastani, na jikoni kwetu mafuta hayapimwi kwa kijiko. Humiminwa kutoka kwenye dumu mpaka sufuria ing'ae. Chupa ya soda ya mililita 500 ina sukari gramu 50 na ushee. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara nne kwa siku, inakaribia mlo mzima ambao haukuwahi kukaa kwenye sahani, na kwa sababu haukukaa kwenye sahani, hakuna anayeukumbuka. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 walioapa kwamba wanakula kidogo sana na bado hawapungui. Miili yao ilipopimwa kwa vipimo vya uhakika ilikutwa haina kasoro. Walikuwa wanakula karibu maradufu ya walichokiandika, pengo la asilimia 47, na walikuwa wanatia chumvi kwenye mazoezi waliyoyafanya kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Wale hawakuwa waongo. Macho yao hayakuwa yamefundishwa. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba wanaoandika wanachokula hupungua zaidi ya wasioandika, na sina sababu ya kubishana nazo. Miezi ya mwanzo ya kuandika ilinipa maarifa ambayo hakuna hotuba ya afya ingeweza kunipa, na ninamshauri yeyote anayeanza aipitie. Nchini Kenya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta asilimia 27 ya watu wazima wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na kwa wanawake ikawa asilimia 38.5. Katika hali hiyo siwezi kusema kwamba kuhesabu ni upuuzi wa watu wenye simu nzuri.

Lakini namba tunazoziandika zina historia, na historia hiyo inaonyesha mipaka yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alijenga chumba cha kupimia joto la mwili pale Wesleyan University, jimbo la Connecticut. Mtu aliishi humo siku kadhaa huku anachokula, anachotoa na joto la mwili wake vikipimwa. Kazi yake ndiyo iliyotuachia kanuni inayotumika hadi leo: gramu moja ya protini kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Mwaka 1918 daktari wa California, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kukifikiria chakula kwa kalori badala ya vipande na vikombe, na tangu hapo dunia haikurudi nyuma. Kanuni za Atwater, hata hivyo, ni za wastani. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi na kupima kilichobaki baada ya mwili kuchukua chake. Wakakuta gramu 28 za lozi zinampa mtu kalori 129 hivi, wakati hesabu ya kawaida ilisema zinakaribia 170, kwa kuwa sehemu ya mafuta hupita tumboni ikiwa bado imefungwa ndani ya chembe za lozi. Hata maandishi ya kwenye pakiti yana nafasi ya kuteleza: mamlaka ya Marekani huvumilia tofauti ya hadi asilimia 20 kati ya kilichoandikwa na kilichomo.

Hayo ni ya chakula cha pakiti, kilichotengenezwa na mashine moja, siku zote vilevile. Sasa tazama chapati. Unga unakandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo. Donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linaviringishwa, linaachwa lilale, linasukumwa tena, kisha linatupwa kwenye kikaango kilichopata moto na kupakwa mafuta upande huu, likageuzwa, likapakwa na upande ule. Mafuta yameingia mara nne, na hakuna hata mara moja yalipopimwa. Ya kwanza kutoka inaweza kuwa kavu na ya tano imelowa, na kwenye simu zote mbili zinaandikwa chapati moja. Wali wa nazi ni mgumu zaidi: kuna aliyetia tui la kwanza lote, kuna aliyechanganya la kwanza na la pili, kuna aliyebakiza tui zito kwa ajili ya samaki. Na pilau la kwenye sinia, watu sita wakila kwa mkono kutoka pande zote, halina hesabu kabisa. Si kwamba wataalamu wetu wamelala. Tanzania ina jedwali lake la virutubishi vya vyakula tangu mwaka 2008, kazi ya pamoja ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa lake mwaka 2018 kwa msaada wa FAO. Ni kazi za thamani kubwa, na laiti programu za simu zingezitumia zaidi. Ila hakuna jedwali linaloujua mkono wa mpishi. Kwa hiyo anayehesabu katika jiko la Kiswahili ana njia mbili: ama ale vyakula vya pakiti na mayai ya kuchemsha tu ili namba zikae sawa, ama akubali kwamba anachoandika ni makadirio, na kwamba faida ya makadirio hayo ni kulifundisha jicho lake. Mimi nilichagua njia ya pili, na kuichagua kunaleta swali ambalo njia ya kwanza hulikwepa: kama kuhesabu ni mafunzo, mtihani ni lini?

Awamu inayofuata ni ile ambayo namba zinaanza kumtawala anayezihesabu. Naizungumzia kwa kuwa nimeipitia: mtu anaamka akiwaza chakula cha usiku, anakwepa mwaliko kwa sababu hajui kitakachopikwa, na kijiko kimoja cha mchuzi alichoonja jikoni kinamkaa rohoni mpaka akiandike. Kwa muda mrefu hali hii imeelezwa kuwa ni udhaifu wa tabia. Ushahidi unasema vingine. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea kwa utafiti badala ya kwenda vitani kwa kuwa dhamiri zao ziliwakataza kuua, akawapa kalori 1,570 hivi kwa siku kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Kilichotisha zaidi ni yaliyowapata akilini: wanaume ambao hawakuwahi kujali mambo ya jikoni walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula, kurefusha mlo mdogo kwa saa nzima, kukasirishwa na jambo dogo. Walichaguliwa kwa utulivu wao wa akili, na bado njaa isiyokatika iliwageuza. Walikuwa wakifanya kazi na kutembea kilomita nyingi kila wiki, kwa hiyo hali yao haifanani moja kwa moja na ya mtu wa ofisini. Lakini nikiona makundi yetu yakimpangia mama mwenye kazi za nyumbani, watoto na safari mbili za daladala kalori 1,200 kwa miezi sita mfululizo, kisha yakimshangaa anapozungumza chakula tu, naona hatukujifunza kitu kutoka Minnesota.

Mwili nao una kumbukumbu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walieleza habari za watu 50 wenye uzito mkubwa waliopunguziwa chakula kwa wiki 10. Mwaka mzima baada ya kupungua huko, homoni zinazochochea njaa na zinazoleta shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na wenyewe waliendelea kuhisi njaa zaidi ya mwanzo. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliwafuatilia washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha The Biggest Loser, miaka 6 baada ya shindano. Miili yao, ikiwa imetulia, ilikuwa inatumia kalori zipatazo 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito. Washindani wale walipungua kwa kasi ambayo hakuna daktari angeishauri, na sisemi kila anayepungua ataishia hapo. Nasema tu kwamba mwili unaopunguziwa chakula bila kituo hujibu, na majibu yake hayana uhusiano na uvivu wa mtu wala imani yake.

Hapa ndipo wazo la kupumzika lilipoingia katika maabara, na liliingia kwa mlango wa nyuma. Rena Wing na Robert Jeffery, watafiti wawili wa Marekani, walitaka kujua kwa nini watu hurudisha uzito. Wakafikiri: tuwaambie watu waache juhudi zote kwa makusudi, tuone wanavyoanguka. Mwaka 2003 walichapisha matokeo. Katika programu ya wiki 14, kundi moja halikupumzika, la pili lilipumzika wiki 6 mfululizo, la tatu lilipumzika mara tatu, wiki mbili kila mara. Waliopumzika walipungua polepole kipindi cha mapumziko, kama mtu anavyotarajia, lakini hawakuanguka. Walirudi kwenye programu, na mwishowe hapakuwa na tofauti ya maana kati yao na ambao hawakupumzika. Utafiti uliokusudiwa kuonyesha hatari ya kusimama ulionyesha kwamba mtu aliyesimama kwa kupanga hurudi.

Kisha ukaja utafiti wa Australia unaotajwa zaidi kuliko wote, MATADOR, ulioongozwa na Nuala Byrne wa Chuo Kikuu cha Tasmania na kutangazwa mwaka 2017. Wanaume 51 wenye kiribatumbo waligawanywa makundi mawili. Wote walipunguziwa theluthi ya chakula walichohitaji, kwa jumla ya wiki 16. Kundi moja lilizimaliza wiki hizo mfululizo. Jingine lilikwenda wiki mbili za kupunguza, wiki mbili za kula kiasi cha kutosha kubaki palepale, hadi wiki 16 za kupunguza zikatimia katika muda wa wiki 30. Miongoni mwa waliofuata mpango, waliopumzika walipungua kilo 14.1 kwa wastani, na wasiopumzika kilo 9.1. Miezi 6 baada ya programu kwisha, tofauti ilikuwa bado inakaribia kilo 8. Matokeo haya yalisambaa, na wengi wakayapokea kama dawa mpya: pumzika, mwili udanganyike, mafuta yayeyuke. Mimi siyapokei hivyo. Wale walikuwa wanaume tu, wachache, na waliandaliwa chakula kwa vipimo hata katika wiki za mapumziko. Na mwaka 2021 utafiti mwingine wa Australia, kwa watu 61 wanaofanya mazoezi ya kubeba vyuma, ulijaribu mapumziko ya wiki moja kila baada ya wiki tatu, na haukukuta tofauti yoyote katika mafuta yaliyopotea. Kilichotofautiana ni njaa: waliopumzika walihisi njaa pungufu kuliko wenzao na hamu yao ya kula ilipungua.

Nikiziweka tafiti hizi tatu pamoja, naona jambo moja linasimama hata ukiiondoa ile ya kilo 14. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba mapumziko yaliyopangwa yanaharibu. Moja ilionyesha faida kubwa, moja haikuona tofauti, moja haikuona tofauti ya uzito ila iliona nafuu ya njaa. Kama kupumzika hakukupunguzii kitu, na kuna uwezekano kwamba kunakupunguzia mateso, basi mzigo wa ushahidi uko kwa anayekataza. Na anayekataza, katika makundi yetu, huwa na sababu moja tu: hofu.

Sasa nifike kwenye sababu yangu ya msingi, ambayo haitegemei homoni wala utafiti wa MATADOR. Mtu aliyefikisha uzito anaoutaka ataishi miaka mingi baada ya hapo, naye hatahesabu miaka yote hiyo. Atakula kwenye arusi na matanga, atakula kwa mkwe, atakula futari ya jirani, atakula chakula cha hotelini akiwa safarini kati ya Morogoro na Dodoma, na mara nyingi hatakuwa na mizani ya jikoni wala nia ya kuitoa. Maisha hayo yasiyo na hesabu ndiyo yatakayoamua kama kilo zilizopotea zitarudi. Ajabu ya programu nyingi ni kwamba zinamfundisha mtu kila kitu isipokuwa hicho. Kwa miezi minane anaishi kwa namba, siku ya mwisho anapongezwa, na kesho yake anaanza maisha ambayo hajawahi kuyajaribu hata wiki moja. Mapumziko ya katikati ni mazoezi ya maisha hayo, yanayofanyika wakati bado kuna programu ya kurudia, bado kuna wenzake, bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Ndivyo nilivyokuja kuyaelewa yangu. Wiki zile za kutohesabu zilinionyesha nilichokuwa nimejifunza na ambacho sikuwa nimejifunza, kwa uwazi ambao jumla za kila usiku hazikuweza kuutoa. Ugali na mboga ya mchana nilikuwa nimeshauzoea. Mkono ulijua wapi pa kusimama. Kifungua kinywa vilevile. Lakini chakula cha usiku, hasa siku za kazi nyingi, kilikuwa bado kinaniendesha, na hiyo ilikuwa habari muhimu kuliko mwezi mzima wa namba nzuri, kwa sababu namba nzuri zilikuwa zinalificha tatizo badala ya kuliondoa. Nilipokuwa nahesabu, simu ndiyo iliyoniambia niache; simu ilipowekwa kando, hapakuwa na kitu kingine cha kuniambia. Nilijua basi ni wapi pa kufanyia kazi: saa ya kula iwe mapema zaidi, mboga iive kwanza, mkate usikae mezani. Maarifa hayo hayapatikani kwa anayehesabu bila kusimama, hata akihesabu kwa uaminifu wa hali ya juu.

Wapo wanaonijibu kwamba kupumzika ni jina zuri la kukata tamaa, na hoja yao haistahili kupuuzwa, kwa kuwa kwa nje mambo hayo mawili yanafanana. Tofauti iko kwenye masharti. Mapumziko yana tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, zote zikiwa zimejulikana kabla. Yana shabaha yake, nayo ni kubaki palepale. Wale wa MATADOR hawakuambiwa wale watakavyo, walipewa chakula cha kutosha miili yao isipungue wala isiongezeke. Na kinachopumzishwa ni hesabu, si utaratibu wote. Saa za kula zinabaki, kutembea kunabaki, maji yanabaki mahali pa soda, mboga inabaki nusu ya sahani, na mizani ya kupimia uzito inabaki, mara moja au mbili kwa wiki. Hilo la mizani nalisisitiza. Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, linalowafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kubaki hivyo mwaka mmoja au zaidi. Kwa kawaida robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Aliyeiweka kando mizani pamoja na hesabu amejifunga kitambaa machoni, na hapo nakubaliana na wakosoaji kwamba hajui tena aendako.

Wengine huogopeshwa na mizani yenyewe. Siku ya nne au ya tano ya mapumziko inapanda kilo moja, pengine mbili, na mtu anaamini kwamba kazi ya mwezi imepotea. Hofu hii imewarudisha wengi kwenye kujinyima kabla mapumziko hayajafanya kazi yake, kwa hiyo inafaa ielezwe polepole. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo huambatana na maji yapatayo gramu 3. Mtu anayejinyima huishi akiba ikiwa chini. Akirudi kula vya kutosha, akiba hujaa na maji huifuata. Chumvi ikizidi kidogo, maji zaidi. Chakula chenyewe kilichomo tumboni nacho kina uzito. Ili mtu aongeze kilo moja ya mafuta halisi anahitaji ziada ya kalori zipatazo 7,700 juu ya anazozitumia, na hazipatikani kwa bahati mbaya ndani ya siku nne za kula vya kutosha. Anayeujua utaratibu huu huiangalia mizani wiki ya pili, akakuta mstari umelala, na akirudi kupunguza anaona kilo zile zinaondoka katika siku chache kama zilivyokuja.

Kuna na hoja ya tatu, ambayo naipenda kwa kuwa imetoka nyumbani: sisi tuna mapumziko mengi tayari. Kuna Idi, kuna Krismasi, kuna arusi kila Jumamosi ya Desemba. Mtu akiongeza na mapumziko ya kupangwa, atapungua lini? Lakini hebu tuangalie sikukuu zinavyopita kwa mtu anayehesabu. Hapumziki. Anakula huku moyo ukimsuta, anaacha kuandika kwa aibu, kesho anajinyima ili kulipa, keshokutwa njaa inamshinda. Ramadhani inaonyesha jambo hili vizuri. Mwezi mzima saa za kula zinageuka, meza ya futari ina mihogo ya nazi, tambi, kachori na maji ya matunda yaliyotiwa sukari, na chakula kinaliwa pamoja, kutoka vyombo vya pamoja. Anayeng'ang'ania kuhesabu humo atashindwa kuhesabu na kufuturu kwa utulivu pia. Afadhali aitangaze Ramadhani kuwa kipindi cha kubaki palepale, aweke shabaha ya kufika Idi akiwa na uzito ule aliouanzia mwezi, na ahesabu tena Idi ikishapita. Hapo sikukuu haiongezwi juu ya mapumziko. Inakuwa ndiyo mapumziko yenyewe, yenye mipaka, na mtu anaila futari ya mama yake bila kuitafutia namba.

Wapo ambao maneno haya hayawahusu kwa namna ileile, na ni lazima niwataje. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini huhesabu wanga kwa sababu nyingine kabisa, ya kupata kipimo sahihi cha dawa, wala asiache bila kuzungumza na daktari wake. Kwa upande mwingine, yupo mtu ambaye kwake kuhesabu kumeshakuwa ugonjwa: anayetapika kwa makusudi, anayefunga siku nzima kufidia kipande cha keki, anayelia kwa sababu ya namba. Huyo hahitaji wiki mbili za kupumzika na tarehe ya kurudi. Anahitaji msaada wa kitaalamu, na hesabu isirudi mpaka wanaomtibu waseme. Viongozi wa makundi ya simu wana wajibu mkubwa hapa, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona dalili, na mara nyingi dalili hizo hupongezwa kama bidii.

Kwa wengine wote waliobaki, na ndio wengi, ninalopendekeza ni jambo dogo linaloweza kutekelezeka. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ya kuhesabu, wiki mbili za kubaki palepale, zikiwa zimeandikwa kwenye mpango wa kundi tangu mwanzo, kila mwanachama akizijua. Katika wiki hizo kundi lisiulize kalori. Liulize mlo upi ulikuwa rahisi bila namba na upi ulimpa mtu taabu. Wakirudi kuhesabu, hawana haja ya kuhesabu kila kitu kama mwanzo. Aliyegundua kwamba tatizo lake ni vitafunio vya saa kumi jioni ahesabu hivyo kwa wiki moja, aliyegundua kwamba ni mafuta ya kukaangia apime mafuta peke yake, na milo mingine iachwe mikononi mwa mpishi aliyekwisha kuizoea.